Madamu kanikata maksi nne sababu ya Jethro Tull, nikae kimya?

mwana_wa_reli · Ijumaa, saa 2 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Niko S3, yaani kidato cha tatu, hapa Tororo Uganda, simu ni ya kaka kwa hiyo nikipotea katikati jueni kaidai. Nina hasira tangu jana mchana na nyumbani wamechoka kunisikia, babu tu ndo yuko upande wangu, na babu ndo chanzo chenyewe.

Iko hivi. Madamu wa Kiswahili, ambaye ndo huyo huyo wa historia maana walimu tunao wachache, alitupa insha ya mwanamuziki nimpendaye, ukurasa mmoja na nusu. Darasa karibu lote wakaandika wasanii wa Kampala, wawili watatu wakavuka mpaka Nigeria. Mimi nikaandika Jethro Tull. Msicheke. Nimelelewa na babu, alikuwa fundi wa reli enzi za East African Railways kabla jumuiya haijavunjika 1977, na akiwa kijana alinunua santuri moja Nairobi ndo hiyo Aqualung. Gramofoni ilikufa kabla sijazaliwa lakini kuna mtu alishamrekodia kwenye kaseti, na hiyo kaseti ndo nimekua nayo, ikitafunwa na redio naitoa polepole narudisha utepe kwa kalamu ya Bic. Jalada la santuri babu kaligongomea misumari ukutani kando ya kalenda, kuna mzee mwenye ndevu na koti limechakaa, na kila mgeni akiingia lazima atambulishwe, "huyo ndo Tull, mtu wa watu".

Basi nikamwaga yote. Nikaandika Jethro Tull ni mwanamuziki mashuhuri wa rok kutoka Uingereza, alitoa Aqualung mwaka 1971, anapuliza filimbi akiwa kasimama mguu mmoja kama korongo wa kwenye bendera yetu, na kwamba ana wimbo wa treni isiyo na breki unaitwa Locomotive Breath ambao babu akiusikia anaacha chakula kipoe kwanza.

Daftari limerudi 11/20. Jina limezungushiwa kalamu nyekundu mara mbili mpaka karatasi imetoboka, na pembeni kaandika hivi: "Jethro Tull alikuwa mkulima wa Uingereza aliyegundua mashine ya kupanda mbegu, 1701. Hakuwa mwanamuziki. Usibuni!" Chini yake -4.

Halafu akaisoma mbele ya darasa. Nikanyoosha mkono nikasema madamu huyu mtu yupo, kaseti yake iko nyumbani. Akaniambia kaa chini, mtu wa 1701 hana kaseti. Darasa lilivunjika mbavu. Sasa naitwa Mkulima shule nzima, leo hata mpishi akinipakulia posho kaniuliza mvua itanyesha lini.

Nifanyeje jamani?

kijana_wa_malaba · Ijumaa, saa 2 usiku

Rok ninayoijua mimi ni ule mwamba uliosimama katikati ya mji wenu, wazungu wanalipa pesa kuupanda 😂 Pole sana Mkulima.

boda_mstaafu · Ijumaa, saa 3 usiku

Usikae kimya. Walimu wa siku hizi wana simu kubwa kuliko za kwetu lakini kugugo kitu kimoja wanaona uvivu. Enzi zetu mwalimu akiwa hajui anasema nitawajibu kesho, na kesho kweli anakuja na jibu. Wewe beba kaseti Jumatatu, pita moja kwa moja kwa DOS, yule mkuu wa taaluma, iweke mezani. Isikike hapo hapo ofisini.

mama_wa_watatu · Ijumaa, saa 3 usiku

@boda_mstaafu wewe umemaliza shule, yeye bado ana mwaka na zaidi na huyo madamu. Mwanangu usiende kwa DOS. Mimi wa kwangu wa P6 aliandika Tanganyika na Zanzibar ziliungana 1964, mwalimu akafuta akaandika 1961, nikatoka nyumbani na mdomo wangu mpaka ofisi ya mkuu wa shule. Maksi ilirudi, ndiyo. Lakini mtoto hakuulizwa tena swali darasani muhula mzima, ni kama kiti chake kilikuwa hakina mtu. Mfuate wakati wa mapumziko akiwa peke yake, muamkie vizuri, mwambie madamu naomba kuelewa hapa. Sema unaomba kuelewa, usiseme umekosea.

fundi_spika · Ijumaa, saa 4 usiku

Nimeona huu uzi nimecheka peke yangu dukani. Mimi natengeneza spika na redio za zamani hapa Owino na ninaokota kaseti zinazokuja na maredio, kwa hiyo hawa nawafahamu. Dogo uko sahihi kuhusu 1971. Aqualung ni ya nne kwao, ya kwanza iliitwa This Was, 1968. Huyo anayesimama mguu mmoja ni Ian Anderson, mzaliwa wa Scotland, alikua Blackpool. Zamani alipiga gitaa, akamsikia Eric Clapton, akaona hapa sitafika, akaenda kulibadilisha gitaa dukani akachukua filimbi na maikrofoni. Yaani alichagua kitu ambacho wenzake wa rok hawakuwa nacho ili asilinganishwe na mtu.

Na hii sikiliza maana inakuhusu. Hiyo filimbi alijifunza mwenyewe bila mwalimu, akapiga miaka zaidi ya ishirini, dunia nzima. Miaka ya tisini mwanzoni binti yake akaanza kusoma filimbi shuleni, baba akaangalia vidole vya mtoto, akagundua kumbe yeye siku zote anaziba matundu siyo. Ikabidi aanze upya kujifunza vidole, jina tayari analo.

Jina la bendi sasa. Mwanzoni walikuwa wanapata shoo mara moja klabu haiwaiti tena, wakawa wanabadilisha jina kila mara ili wakodishwe kama watu wapya. Wakala wao alipenda historia, akawapa jina la huyo mkulima wa madamu. Wiki hiyo wakapendwa, basi jina likaganda. Tena singo yao ya kwanza 1968 kampuni ilikosea ikachapa Jethro Toe. Kwa hiyo hata wao walishasahihishwa vibaya kwa kalamu.

kijana_wa_malaba · Ijumaa, saa 4 usiku

Toe si ndo kidole cha mguu 😂😂 mguu mmoja na kidole kimoja

mwana_wa_reli · Ijumaa, saa 4 usiku

@fundi_spika asante sana mkubwa. Lakini ngoja. Unaposema jina la bendi, bendi gani?

fundi_spika · Ijumaa, saa 4 usiku

Bendi dogo. Jethro Tull ni bendi. Wako watu watano hapo kwenye Aqualung. Hakuna mwanamuziki anayeitwa Jethro Tull.

mwl_wa_ngeli · Ijumaa, saa 5 usiku

Nilikuwa nasubiri mtu aone. Mimi nafundisha Kiswahili upande wa Mbale, na nimesoma posti ya kwanza mara tatu kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinanichoma. Mwanangu, angalia viambishi vyako. ALItoa Aqualung. ANApuliza filimbi. ANA wimbo wa treni. Umemfanya mtu, umemweka ngeli ya kwanza pamoja na mwalimu na mkulima. Bendi iko pamoja na nyumba na redio: ilitoa, inapiga, ina wimbo. Madamu wako alikuwa anasoma insha ya mtu, na mtu pekee wa jina hilo anayemjua yeye kutoka kwenye noti za mapinduzi ya kilimo ni yule wa mbegu. Ungeandika "Jethro Tull ilitoa" angekwama kidogo, angejiuliza huyu mkulima amekuwaje kitu. Herufi moja imekuponza.

Simtetei. Kosa lake lipo na ni kubwa, kaandika hakuwa mwanamuziki kwa uhakika wote bila kuangalia popote. Halafu mwenyewe kaandika "aliyegundua mashine". Mashine haigunduliwi, kwani ilikuwa imejificha wapi? Kugundua ni kukuta kitu ambacho kipo tayari, mashine inabuniwa. Neno la kubuni alikuwa nalo, kalitumia kukukaripia wewe 😀

boda_mstaafu · Ijumaa, saa 5 usiku

Sasa @mwl_wa_ngeli si ushahamia kwao. Walimu mnalindana.

mwl_wa_ngeli · Jumamosi, saa 12 asubuhi

Mzee wangu, nimewakosoa wote wawili kwenye posti moja. Hiyo ndo kazi yangu, na mshahara wake unaujua.

mwana_wa_reli · Jumamosi, saa 3 asubuhi

Sikulala vizuri. Asubuhi nimesimama mbele ya lile jalada nikiwa na uji mkononi. Yaani huyu mzee mwenye koti ni nani basi?

fundi_spika · Jumamosi, saa 3 asubuhi

Huyo ni Aqualung. Mzee asiye na kwao, analala nje kwenye mabenchi, ndo anayeimbwa kwenye wimbo wa kwanza. Picha ilichorwa na Burton Silverman, mchoraji wa Marekani. Watu wengi wanadhani ni mwimbaji kwa sababu Anderson naye alikuwa na nywele hizo na ndevu hizo na koti refu, na hata mwenyewe hakufurahia kufananishwa. Babu yako hayuko peke yake.

bwana_shamba_soroti · Jumamosi, saa 5 asubuhi

Mimi muziki wenu siujui, mimi ni mtu wa kilimo, lakini hapo kwenye "hakuwa mwanamuziki" lazima niingie maana mmemwacha mzee wa watu bila wakili.

Jethro Tull mkulima alizaliwa 1674 akafa 1741. Alisomea sheria kwanza, afya ikamsumbua, akarudi shamba. Watu kule walikuwa wanapanda kwa kurusha mbegu kwa mkono, kama sisi huku tunavyorusha wimbi, nyingine inaliwa na ndege nyingine inaangukia pasipo na udongo, halafu palizi yake ni mateso kwa sababu huna mstari wa kupitisha jembe. Yeye akabuni mashine ya kukokotwa na farasi, inachimba kamfereji, inadondosha mbegu kwa kipimo, nyuma inafukia, mistari mitatu kwa mpigo. Hapa Teso ukimweleza mzee anayelima kwa ng'ombe anakuelewa kabla hujamaliza.

Sasa ile sehemu ya kudondosha mbegu kidogo kidogo aliitoa wapi? Kwenye kinanda! Kile kikubwa cha kanisani chenye mabomba. Kaeleza mwenyewe kwenye kitabu chake cha kilimo kwamba alipokuwa kijana burudani yake ilikuwa muziki, alikuwa na kinanda chake, akakichunguza kila kiungo mpaka ndani. Mle ndani kuna kijiulimi kinakaa juu ya mfereji, kina springi, kinafungua hewa ipite halafu kinafunga. Akakihamisha kijiulimi hicho kwenye mashine, badala ya kupitisha hewa kikapitisha mbegu.

Kwa hiyo huyo mkulima muziki ulikuwa mkononi kabla ya jembe. Mwambieni madamu.

(Alikuwa na makosa yake pia. Alishikilia kwamba ukitifua udongo vizuri mbolea huihitaji, mimea inakula chembe za udongo zenyewe. Wakulima wa siku hizo walimcheka, na hapo walimcheka kwa haki.)

kijana_wa_malaba · Jumamosi, saa 5 asubuhi

SUBIRI. Kwa hiyo dogo aliandika Jethro Tull ni mtu na ni mwanamuziki, na Jethro Tull kweli alikuwa mtu na muziki alikuwa anaujua??? Banange mpeni huyu mtoto ishirini kwa ishirini.

mwl_wa_ngeli · Jumamosi, saa 6 mchana

Aliyetoa albamu 1971 akiwa ameshakaa kaburini miaka 230? Tulia.

sauti_ya_gulu · Jumamosi, saa 8 mchana

Samahani mimi nitakuwa tofauti. Filimbi iko wapi kwenye rok? Rok ni magitaa na ngoma na mtu anapiga kelele. Labda madamu alisikia neno filimbi ndo akaona huyu mtoto anadanganya.

fundi_spika · Jumamosi, saa 9 alasiri

@sauti_ya_gulu swali lako liliulizwa na Marekani nzima Februari 1989. Grammy walianzisha tuzo mpya ya rok ngumu na metali, kila mtu anajua ni ya bendi ya Metallica, na usiku huo huo Metallica wamepanda jukwaani wamepiga. Bahasha inafunguliwa, Jethro Tull. Ukumbi ukazomea. Bendi yenyewe hata haikuwepo, kampuni yao ilishawaambia msijisumbue kusafiri hamtashinda. Baadaye kampuni ikaweka tangazo gazetini kusema filimbi ni ala ya metali nzito 😂 Kwa hiyo ubishi wako una wenzake wengi na mimi kwa hilo la metali niko na wewe kabisa. Lakini rok ni rok. Weka Locomotive Breath, pale mwanzo piano inazunguka zunguka yenyewe kama mtu anayesubiri treni usiku, halafu gitaa linaingia ndo behewa linavutwa. Halafu urudi hapa uniambie filimbi imekosa nini.

Na wewe @mwana_wa_reli ukipata bando tafuta albamu yao ya 1972, Thick as a Brick. Wimbo mmoja tu, dakika arobaini na kitu, umekatwa katikati ili ugeuze santuri. Jalada lake limechapwa kama gazeti la kijiji, kurasa kabisa, na habari kubwa ya mbele ni kitoto cha miaka minane kinaitwa Gerald Bostock, kimeshinda tuzo ya ushairi halafu waamuzi wakakinyang'anya. Hicho kitoto hakipo, walikitunga. Watu wengine waliamini na wakawa wanauliza anaishi wapi.

mama_wa_watatu · Jumamosi, saa 10 alasiri

Nimeusikiliza huo wa treni jikoni. Mume wangu kauliza redio imeharibika? Lakini filimbi ni tamu, nakubali.

sauti_ya_gulu · Jumamosi, saa 1 usiku

Nimerudi. Haya, nimenyamaza.

mwana_wa_reli · Jumatatu, saa 1 usiku

Nimekuja na matokeo, kaeni.

Nilifanya kama alivyosema @mama_wa_watatu. Nilisubiri mapumziko, madamu alikuwa peke yake stafurumu anakunywa chai na mandazi, nikamwamkia, nikasema madamu naomba kuelewa hapa. Nilikuwa nimeandika yote kwenye karatasi, bendi, wakala, mkulima, kinanda, kijiulimi. Jalada babu alikataa lisitoke ukutani kwa hiyo nilibeba kaseti tu, na kaseti haijaandikwa chochote zaidi ya TULL kwa wino wa babu, basi akaigeuza geuza kama dawa iliyopita muda.

Akasoma karatasi. Akatoa simu, akatafuta. Alikaa kimya muda mrefu mpaka chai ikaweka utando juu. Nilidhani atakasirika. Akaniuliza, "Hii ya kinanda nani kakwambia?" Nikasema mtu wa kilimo wa Soroti. Akaandika kwenye kidaftari chake cha historia. Halafu akasema leta insha.

Akachukua ile ile kalamu nyekundu, akafuta "Hakuwa mwanamuziki. Usibuni!" kwa mistari miwili, akaweka sahihi yake ndogo pembeni, akafuta -4. Moyo ukaruka. Nikahesabu kichwani, 15/20, Mkulima amekwisha.

Hakuweka kalamu chini. Akarudi juu ya ukurasa akaanza kusoma polepole, "alitoa", akakata a, akaandika i juu yake. "Anapuliza", akakata. Akasimama hapo kidogo, akasema huyu wa mguu mmoja ni mtu kweli, mwandike jina lake. Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa wa pili. Sehemu kumi na moja. Akasema ningekata zote ungebaki na nne, nakata tano tu kwa sababu umekuja kwa adabu.

10/20.

Nilikuwa na 11.

kijana_wa_malaba · Jumatatu, saa 1 usiku

😂😂😂😂😂😂 nimedondosha rolex yangu ya chapati na mayai chini

boda_mstaafu · Jumatatu, saa 2 usiku

Ningekuwa mimi ningeenda kwa DOS.

mwl_wa_ngeli · Jumatatu, saa 2 usiku

Tano kwa kumi na moja? Huyo madamu ana huruma. Mimi ningekata sita. Lakini kaweka sahihi kwenye kosa lake mbele ya mwanafunzi, hilo wengi hatuliwezi. Darasani je, kasema?

mwana_wa_reli · Jumatatu, saa 2 usiku

Kasema, kipindi cha mwisho. "Jethro Tull ni bendi pia, nilikosea." Sekunde tatu, akafungua kitabu. Bado naitwa Mkulima lakini.

fundi_spika · Jumatatu, saa 3 usiku

Na babu umemwambia?

mwana_wa_reli · Jumatatu, saa 3 usiku

Nimemwambia jioni hii tukila. Nimemweleza taratibu, babu Tull si mtu, ni bendi, watu watano, na huyo ukutani ni mzee mwingine kabisa hana hata nyumba, kachorwa tu. Akaacha kula. Akaangalia jalada, akaniangalia mimi, akaangalia jalada. Akauliza bendi ndo nini, kama wale wa arusi? Nikasema ndiyo.

Akasema huyo nimemsalimia kila asubuhi tangu bibi yako yuko hai, kama hana nyumba basi hapa ni kwake, niongezee mchuzi.

Kaka anadai simu.